UZI: Shule ya sekondari inapojiita jumuishi, tuangalie wapi ili tujue ni kweli?

Mshika Chaki (mleta uzi)

Salaam wakuu.

Nafundisha sekondari na nimo kwenye kamati ya shule inayoshughulikia wanafunzi wenye ulemavu na wengine wenye mahitaji maalumu. Naleta uzi huu kwa sababu shule nyingi siku hizi zina maandishi makubwa ukutani: utu, heshima, usawa, ushirikiano. Maneno mazuri, sina ugomvi nayo. Tatizo ni kwamba mzazi anayemleta mtoto asiyeona, au mwenye usonji, hawezi kusoma maneno hayo akajua mwanawe ataishije mle ndani. Nataka tujadiliane maadili hayo yanaonekana wapi hasa, tena kwa sekondari, maana huko ndiko watoto wengi waliosoma vizuri msingi wanakokwama.

Tuanze kwa kuelewana. Mwaka 2016 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Watu Wenye Ulemavu ilitoa Maoni ya Jumla Namba 4 kufafanua Ibara ya 24 ya Mkataba wa 2006 wa haki hizo, ile inayohusu elimu. Ilitenganisha hali nne ambazo sisi mitaani tunazichanganya. Kuna kunyimwa shule kabisa. Kuna kutengwa, yaani kupelekwa kwenye shule au chumba cha peke yao kwa sababu ya ulemavu. Kuna kuchanganywa, ambapo mtoto anaingia shule ya kawaida ilimradi aweze kwenda na utaratibu alioukuta. Halafu kuna kujumuishwa, ambapo utaratibu wenyewe unabadilika: mtaala, ufundishaji, majengo, namna ya kupima. Kwa nilivyoona, shule nyingi zinazojiita jumuishi zimeishia hatua ya tatu. Mtoto amepewa dawati, basi.

Sasa kwa nini sekondari ni ngumu zaidi? Msingi, mtoto huwa na mwalimu mmoja au wachache wanaomjua kwa undani. Sekondari ana masomo lukuki, na kila somo lina mwalimu wake anayeingia, anafundisha kipindi chake, anatoka. Mwalimu wa Kemia anadhani wa Hisabati anajua namna ya kumsaidia mwanafunzi mwenye uoni hafifu. Wa Hisabati anadhani ni kazi ya kitengo maalumu. Mwalimu wa kitengo yuko mmoja na anakimbizwa huku na huku. Mtoto anaishia kuwa wa kila mtu na asiwe wa yeyote.

Ndiyo maana naona uwajibikaji wa pamoja unatangulia maadili mengine yote. Na unapimika. Nenda kwenye kikao cha walimu, sikiliza pale jina la mwanafunzi kiziwi linapotajwa: vichwa vyote vinamgeukia nani? Vikimgeukia mwalimu wa kitengo peke yake, shule hiyo bado.

Italia walilifikiria jambo hili mapema. Sheria Na. 517 ya mwaka 1977 iliondoa madarasa ya pekee kwenye elimu ya lazima na kuleta mwalimu wa usaidizi. Kilichonivutia ni kwamba mwalimu huyo ni wa darasa zima, hapangiwi mtoto mmoja wa kumlinda. Anafundisha pamoja na wenzake na anashiriki kuwapima wanafunzi wote. Kwa hiyo hakuna mwalimu wa somo anayeweza kusema "yule si wangu". Lakini hata huko sekondari ya juu ilichelewa. Mpaka mwaka 1987 sheria ilisema tu kwamba wanafunzi wenye ulemavu warahisishiwe kuingia. Ni Mahakama ya Katiba, kwa hukumu Na. 215 ya mwaka huo, iliyosema lazima wahakikishiwe nafasi. Yaani miaka kumi kati ya ngazi moja na nyingine, na katika miaka kumi kuna vijana waliofika umri wa sekondari wakakuta mlango haujafunguka.

Pa pili pa kuangalia ni ratiba. Wengi hawapadhanii. Mwanafunzi anatumia kiti cha magurudumu na maabara iko ghorofani. Shule itakwambia haina fedha za lifti, na mara nyingi ni kweli. Hata njia mteremko si jambo dogo: kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12, maana yake kupanda mita moja unahitaji njia ya mita 12. Lakini mwalimu wa taaluma anaweza kupanga vipindi vyote vya darasa hilo, la wote wala si la yule mmoja, vifanyike vyumba vya chini. Anaweza kuhamishia vifaa vya majaribio chini siku ya vitendo. Haigharimu kitu ila kalamu, kifutio na ubishi wa siku mbili na walimu waliozoea vyumba vyao. Shule ikishindwa hata hilo, mniwie radhi, neno heshima lifutwe ukutani.

Pa tatu ni darasani. Mwalimu anayeandika ubaoni huku akisema "hii ukiizidisha na hii unapata hii" amemfungia nje asiyeona, na amempa mgongo kiziwi anayesoma midomo. Mwalimu akitaja kila anachoandika, kisha akageuka ndipo azungumze, amewafungulia wote wawili, na yule wa nyuma aliyekuwa anasinzia naye ameambulia. Marekani kuna taasisi ya CAST, iliyoanzishwa 1984, ambayo imejenga mfumo mzima juu ya wazo hili: panga somo tangu mwanzo kwa njia zaidi ya moja za kulipokea, za kushiriki na za kuonyesha ulichoelewa, badala ya kupanga kwa mwanafunzi wa kufikirika halafu uanze kuweka viraka. Hata ramani ya Jiografia yenye nyekundu na kijani: kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini, takriban 1 kati ya 12 hawezi kuzitofautisha vizuri rangi hizo. Weka mistari na nukta pamoja na rangi. Umemaliza.

Lakini kama ningeruhusiwa kukagua kitu kimoja tu, ningekagua nidhamu. Hapo shule haiwezi kujificha. Mwanafunzi mwenye usonji kelele zinapomzidi ananyanyuka na kutoka darasani. Kwenye kitabu cha adhabu hilo ni utoro. Mwanafunzi asiyesikia vizuri haitiki anapoitwa kwa nyuma: kiburi. Mwenye tatizo la umakini hakai palepale: mtukutu. Kanuni zimeandikwa kwa mwili na akili ya aina moja, kisha wengine wanaadhibiwa kwa kutofanana nayo. Shule jumuishi ya kweli huuliza kwanza tabia hii inasema nini, huweka mahali tulivu pa kwenda na ishara ya kuomba kutoka, na walimu wote huijua ishara hiyo, hata yule wa zamu ya kujazia. Siyo kwamba hakuna adhabu. Mwanafunzi mwenye ulemavu akimpiga mwenzake anawajibika kama yeyote. Kumhurumia mpaka asiguswe na kanuni yoyote ni namna nyingine ya kumwambia si mwenzetu.

Na uonevu, wakuu. Vijana wa umri huu wanaweza kumuumiza mwenzao kwa jina la utani tu, na mwalimu anacheka nao kwa sababu "ni utani wa vijana". Mtoto akiitwa kwa ulemavu wake mbele ya mwalimu na mwalimu akanyamaza, darasa zima limefundishwa somo siku hiyo.

La mwisho kwa leo: wanafunzi wenyewe wanaulizwa? Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, Ibara ya 12, unampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Kijana wa miaka 15 anajua vizuri kuliko kamati yetu akae wapi ili aone ubao. Tunakutana watu wazima nane kumjadili, naye yuko nje ya mlango.

Karibuni tuchangie. Wanaopinga pia nawataka.

Namba Tasa

Mwalimu Mshika Chaki, nakuheshimu, na mimi ni mwalimu wa Hisabati kwa hiyo yale ya "hii na hii" yamenigusa. Ila tuseme ukweli wote. Darasa limefurika, silabasi lazima iishe kabla ya mtihani, na mwisho wa mwaka mkuu wa shule anaitwa kueleza matokeo, haulizwi kuhusu ujumuishi. Mzazi wa mtoto asiye na ulemavu naye ana haki ya kuuliza: mwanangu harudishwi nyuma? Na huu muda wa ziada kwenye mtihani, mbona wengine wakiuomba tunawakatalia?

Mshika Chaki

Ndugu Namba Tasa, ahsante kwa kuja moja kwa moja.

Kuhusu kurudishwa nyuma: mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2007, na mengine makubwa zaidi ya 2017, yaliangalia hasa wanafunzi wasio na ulemavu wanaosoma na wenzao wenye ulemavu. Ya 2007 yalikuta kwamba matokeo mengi hayaonyeshi madhara ya kitaaluma. Ya 2017 yakakuta hata faida ndogo. Siyo muujiza, lakini hofu ya kushuka haina msingi ambao wazazi wengi wanadhani inao.

Kuhusu wingi wa wanafunzi, hapo nakuunga mkono na sitaki kukulaumu mwalimu kwa jambo la wapanga bajeti. Waitalia hao hao, sheria ile ya 1977 iliweka kikomo cha wanafunzi 20 kwa darasa lenye mwanafunzi mwenye ulemavu. Serikali inayotangaza ujumuishi bila kugusa ukubwa wa madarasa imempa mwalimu mzigo na kumpongeza kwa kuubeba. Wewe dai haki hiyo. Ila usimfanye mtoto alipe deni ambalo si lake wakati mnasubiri.

Muda wa ziada: anayesoma nukta nundu hupitisha kidole mstari kwa mstari, hawezi kurusha jicho kwenye ukurasa mzima kutafuta swali rahisi. Uingereza kawaida ni hadi asilimia 25 ya muda wa ziada kwa wanaostahili, na wanastahili kwa kupimwa, siyo kwa kuomba tu. Mtihani wa Historia unapima Historia. Ukianza kupima kasi ya vidole umepima kitu kingine, na alama utakayoandika kwenye cheti haitakuwa ya kweli.

Mikono Inasema

Mimi ni kiziwi. Nimesoma sekondari inayoitwa jumuishi, kiziwi pekee darasani. Naomba nieleze upande ambao wenye masikio mara nyingi hawauoni.

Nilikuwa na mkalimani kwenye baadhi ya vipindi. Kwenye vipindi hivyo nilikuwa mwanafunzi. Kengele ya mapumziko ikilia mkalimani anaondoka, nabaki na watu mia wasioweza kuniambia hata habari ya mchezo wa jana. Nilifaulu. Nilikuwa mpweke kiasi ambacho sikujua kama ni upweke, nilidhani ndivyo shule ilivyo.

Historia yetu viziwi na shule inauma. Mwaka 1880 walimu walikutana Milano kwenye mkutano wa kimataifa, karibu wote wanaosikia, wakapitisha kwamba watoto viziwi wafundishwe kwa kusema tu na lugha ya alama iondolewe. Vizazi vilifungwa mikono, wengine kwa maana halisi ya maneno hayo. Ilikuwa mpaka 2010, kwenye mkutano wa mfululizo huohuo uliofanyika Vancouver, ndipo maazimio yale yalipokataliwa rasmi na masikitiko kuelezwa. Miaka 130. Na waliopitisha 1880 nao walidhani wanatusogeza karibu na wengine.

Kwa hiyo nikisikia "wote darasa moja" nauliza: kwa lugha gani? Mkataba wa 2006 hausemi tu tuingizwe. Ibara ya 24 inataka lugha ya alama ifundishwe, utambulisho wa lugha wa jamii ya viziwi ukuzwe, na elimu itolewe katika mazingira yanayokuza maendeleo ya kitaaluma na ya kijamii pia. Shule inayotaka kupokea viziwi ipokee kadhaa kwa pamoja, iajiri walimu viziwi, na ifundishe lugha ya alama kwa wanaosikia kuanzia mwanafunzi wa kwanza mpaka mlinzi. Bila hivyo ni kutengwa kulikofanyiwa ndani ya umati.

Mshika Chaki

Mikono Inasema, maneno yako yaingie kwenye uzi kama sehemu ya hoja kuu, siyo mchango wa pembeni. Niliandika kuhusu darasani na nikapita haraka mapumziko, kumbe kwa umri huu nusu ya shule iko mapumziko.

Niongeze jambo linalokwenda na hilo. Watafiti wa Marekani walieleza tangu 1997 jinsi msaidizi mtu mzima anayemganda mwanafunzi bega kwa bega anavyoweza kuwafukuza marafiki bila kukusudia. Kijana gani wa miaka 14 atamnong'oneza mwenzake siri wakati mtu mzima amekaa katikati? Msaidizi mzuri anajua lini asogee mbali. Hilo ni jambo la kumfundisha, na shule nyingi hazimfundishi, zinamkabidhi mtoto na kumwambia "usimwache".

Mama Pacha

Shikamooni walimu. Mimi ni mzazi, sina utaalamu. Nina pacha, wote wako sekondari. Mmoja anasoma kitabu kwa siku, mwingine ana disleksia, herufi zinamchezea. Huyu wa pili haonekani ana ulemavu wowote, basi miaka yote ameitwa mvivu, na ndugu yake anatumiwa kama kipimo cha kumchapia maneno. Amefika mahali anakataa kusoma kwa sauti hata nyumbani. Tunatafuta shule ya kumhamishia. Nikifika pale niulize nini? Kila shule nikienda wananiambia "hapa tunawapokea wote".

Mshika Chaki

Marahaba, dada yangu. Pole sana, na pole kwa kijana.

Usiulize kama wanawapokea. Uliza juma lililopita walimfanyia nini mwanafunzi aliye kama wake. Kama wanafanya, mtu atakujibu kwa mfano mara moja: tunampa maswali yaliyorekodiwa, hatumlazimishi kusoma mbele ya darasa bila kumwandaa, Historia anajibu kwa mdomo, tahajia haimkati alama kwenye Baiolojia. Kama hawafanyi, utasikia maneno ya ukutani.

Uliza pia taarifa za mtoto zinawafikiaje walimu wote wa masomo, na nani anazipeleka akija mwalimu mpya katikati ya muhula. Swali hili linawatoa jasho wengi. Kisha omba kuongea na mwanafunzi, siyo kiranja waliyemwandaa, wa kawaida. Muulize hapa ukishindwa kuelewa kitu inakuwaje. Na umpeleke kijana mwenyewe aulize maswali yake, kwa sababu yeye ndiye atakayeketi pale.

Jambo moja kuhusu nyumbani, kwa ruhusa yako: ndugu asiwe kipimo. Najua umelisema wewe mwenyewe, nalisisitiza tu kwa wanaosoma.

Jicho la Sheria

Kwa kumbukumbu ya uzi: kabla ya Mkataba wa 2006 kulikuwa na Tamko la Salamanca, Hispania, Juni 1994, lililokubaliwa na wawakilishi wa serikali 92 na mashirika 25 ya kimataifa. Lilisema shule za kawaida zenye mwelekeo jumuishi ndiyo njia bora kabisa ya kupambana na mitazamo ya kibaguzi. Tamko si mkataba, halishtakiki. Mkataba wa 2006 ulianza kutumika 3 Mei 2008 na nchi iliyouridhia inafungwa nao, ikiwemo wajibu wa kutoa marekebisho ya kufaa kwa mwanafunzi mmoja mmoja. Mama Pacha, shule ikikuambia ni hisani, siyo hisani.

Namba Tasa

Nimesoma yote, na lile la 1880 limenikalisha. Sijabadilika kuhusu ukubwa wa madarasa, hapo nitaendelea kupiga kelele. Ila muhula ujao naletewa mwanafunzi asiyeona, na tunaanza na grafu za milinganyo ya kipeo cha pili. Mwalimu Mshika Chaki, kutaja ninachoandika nitaweza. Mpindo wa grafu namwonyeshaje mtu asiyeona? Nimewaza nimpe maelezo tu aruke kuchora.

Mshika Chaki

Asiruke. Akiruka grafu ameruka nusu ya mada, na baadaye Fizikia itamdai.

Tafuta ubao laini, wa kizibo au sponji ngumu, ubandike karatasi yenye miraba iliyonyanyuliwa. Mistari unaweza kuinyanyua kwa gundi ikauka, au kwa gurudumu la meno wanalotumia mafundi cherehani kupitishia alama, ukilipitisha upande wa nyuma wa karatasi. Mihimili miwili iweke uzi mnene ili aitofautishe na miraba. Pointi ni pini. Muache apige hesabu ya pointi mwenyewe, atafute mahali pake kwa kuhesabu miraba kwa kidole, achome pini, kisha apitishe uzi laini kutoka pini hadi pini. Mpindo atauhisi, na kitako cha grafu atakipata kwa kidole kabla hujamwambia.

Fanya kwanza na grafu ya mstari ulionyooka ili azoee ubao, usimwanzishie na mpindo. Andaa mbili au tatu, wape na wanaoona wafanye kwenye kundi lake, maana akiwa na ubao wa peke yake pembeni tumerudi kulekule kwa Mikono Inasema.

Na kabla ya yote muulize kama haoni kabisa au ana uoni hafifu. Kama anaona kidogo, huenda anachohitaji ni kalamu nene nyeusi, karatasi isiyong'aa na kiti kilicho mbali na mwanga wa dirisha, wala si pini hata moja.